Ngwe ya Mfiwa

Pale Ushirombo ukimuulizia Mwalimu Gelasius, nawe utaulizwa: "Yule wa alama?" Maana akina Gelasius wako wengi, nchi ile ya Wakatoliki haijawahi kupungukiwa majina ya watakatifu. Lakini aliyesahihisha mtihani wa hesabu wa binti yake wa kumzaa, akampa arobaini na nne, akakataa kumwongezea moja tu ili apate C, ni mmoja. Mkewe, Lusia, alimnunia wiki nzima. Yeye alikula ugali wake kimya, akanawa, akasema, "Alama haina mjomba." Basi neno hilo likamganda. Hata wanafunzi wakimwona anakatiza uwanjani walinong'onezana: alama haina mjomba huyo anakuja.

Sasa mtu huyo wa kuwasahihisha wenzake, alipotimiza miaka arobaini na minane, akaamua na yeye asahihishwe. Alijiunga na masomo ya uzamili katika elimu, yale ya mwisho wa wiki, kwenye kituo cha chuo kimoja kilichokuwa na madarasa Shinyanga mjini. Ijumaa akimaliza vipindi, mbio kwenye basi la Kahama, kutoka Kahama aunganishe hadi Shinyanga. Jumapili jioni anarudi na vumbi hadi kwenye kope.

Siku ya kwanza tu alipigwa na butwaa. Mhadhiri wao, Dokta Magesa, mtu mfupi wa sauti kubwa, aliandika ubaoni A, B+, B, halafu akavuta mstari mnene chini ya B. Chini ya mstari akaandika C.

"Wangapi humu walifurahia C kidato cha nne?"

Mikono ikanyooka, na wa Gelasius ukiwemo. Alifurahia, tena sana. C yake ya hesabu ilimponza jogoo wa mama yake.

"Basi muiage," akasema Dokta Magesa. "Kwenye uzamili C ni kufeli. Hamsini ndiyo B, na B ndiyo kizingiti. Ukipata C moja unarudia mtihani, sapu. Ukipata C mbili ndani ya mwaka mmoja, ndugu yangu, unakwenda disko, na siyo la kucheza muziki. Unafungasha."

Watu walicheka kicheko cha woga. Dokta akaendelea: jaribio alama ishirini, kazi ya kikundi ishirini, mtihani wa mwisho sitini. Na kazi ya kikundi ni alama moja kwa wote. Kikipata kumi na saba, kila mwenye jina pale juu ana kumi na saba. "Ila nikimkuta abiria," akasema, "mtu kaandikwa na kazi hakufanya, kikundi kizima nakipa sifuri. Mwaka jana nilifanya hivyo. Waulizeni."

Gelasius alilipenda neno hilo. Alijisemea moyoni kwamba hatimaye amepata mtu wa kabila lake.

Kikundi chao kilikuwa cha watu wanne. Gelasius, mwenyekiti kwa sababu ya mvi. Mayala, mwalimu wa Ushetu, mtu wa mzaha. Violeth, mpole, wa Kahama mjini. Na Anisia.

Anisia, mwenye miaka thelathini na sita na kicheko cha kusikika darasa la jirani, mama wa mtoto mmoja, Goodness, alifundisha sekondari moja huko Segese. Ndoto yake ilikuwa moja: kuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu. Bila shahada ya uzamili mlango huo haufunguki, na aliitamka waziwazi, kama mtu anayetaja njaa. Yeye ndiye aliyemfundisha Gelasius kompyuta. Mzee wa watu alikuwa anabonyeza herufi kwa kidole kimoja kama anayedonoa mahindi. Anisia akamkalisha, "Mwalimu, vidole vyote kumi Mungu alikupa bure," mpaka akaweza. Naye Gelasius akawa anamfundisha takwimu, maana hapo ndipo binti wa watu alipopwaya. Muhula wa kwanza alipata C ya takwimu, arobaini na saba. Akawa anangoja sapu. Kwa hiyo kikundi kizima kilijua, na Gelasius kuliko wote: C nyingine moja, na Anisia anafungasha.

Kazi yao ya muhula wa pili ilihusu watoto wanaokosa shule wakati wa mavuno ya tumbaku Ushetu. Wazo lilikuwa la Anisia. Hojaji pia, yale maswali ishirini na mawili ya kuwauliza wazazi, aliyatunga yeye, wakayajaribu kwanza Ushirombo. Siku mbili walilala nyumbani kwa mama yake Gelasius, Bibi Serafina, akawalisha michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwa karanga. Anisia aliamka naye alfajiri akachukua jembe wakaenda kupalilia mihogo, kwa kuwa, alisema, hawezi kula kwa mtu halafu akanyoosha miguu. Bibi Serafina alimpenda papo hapo. "Huyu ng'wana ana mikono," alimwambia mwanawe. "Wewe una mdomo tu."

Walikwenda Ushetu wote wanne, wakakusanya majibu. Ilibaki kuyachambua na kuandika. Wiki hiyohiyo simu ikatoka Rwamgasa. Mama yake Anisia, aliyekuwa akiwapikia wachimbaji kwenye mashimo ya dhahabu miaka na miaka, alianguka jikoni kwake asubuhi na hakuinuka tena.

Anisia akaenda. Alikuwa mtoto wa pekee. Siku ya nne ya msiba alituma ujumbe kwa Gelasius: *Mwalimu shikamoo. Huku bado mambo mazito. Naomba mniandike jina kwenye kazi, nikirudi nitafidia kwenye kuwasilisha.*

Gelasius aliusoma mara mbili. Akajibu: *Marahaba. Pole sana. Mungu akutie nguvu.* Kuhusu jina hakusema kitu. Jamani, mtu akikuomba maji ukampa pole, umempa nini?

Siku ya kukabidhi kazi walikaa watatu kwenye kibaraza cha kituo, Shinyanga, jua likiwaka. Mbele yao ilikuwa fomu ya ukurasa mmoja. Juu iliandikwa: *Sisi tuliotia saini hapa chini tumeshiriki kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho.* Gelasius akasaini wa kwanza, Mayala akasaini, Violeth akasaini, kisha Mayala akasema, "Muandike Anisia, nimsainie. Saini yake naijua, ni kama nyoka aliyelewa."

"Hakuwepo mwisho," akasema Gelasius.

"Ah, mwenyekiti! Alikuwa anamzika mama yake."

"Fomu inasema hadi mwisho. Haisemi isipokuwa msiba."

"Kwani kwenu hamlimi kwa vikundi?" Mayala sasa alikuwa ameacha mzaha. "Mtu akifiwa, ngwe yake anaiacha? Si wenzake wanailima, na kwenye daftari anaandikwa yupo?"

Swali hilo lilimchoma Gelasius, na alijua kwa nini. Baba yake alikufa katikati ya msimu, na mvua haikungoja matanga yaishe. Asubuhi moja wakasikia majembe shambani: kikundi cha kulimiana kimekuja, watu kumi na wanane, na kila aliyetajwa aliitika, na jina la mama yake lilipotajwa waliitika wote kwa pamoja. Mahindi ya mwaka ule ndiyo waliyokula. Mtu huyo ndiye aliyejibu, "Alama si ngwe, Mayala."

Violeth aliinama akacheza na kofia ya kalamu.

Tumtendee haki: Gelasius hakuwa na chuki hata chembe. Pembezoni mwa daftari alikuwa amekwisha kumpigia hesabu. Jaribio ana kumi na tatu. Kikundi sifuri. Basi mtihani wa mwisho akipata thelathini na saba katika sitini, hamsini hiyo, B, amevuka. Na Anisia kichwa kipo, thelathini na saba ni nini kwake? Aliizungushia duara ile 37 kama anavyozungushia jibu sahihi, moyo ukatulia. Angeweza kumpigia Dokta Magesa simu amweleze kuna msiba. Angeweza kuuliza tu. Hilo halikumpitia akilini, au lilipita akalifungia mlango, maana kuuliza kungeleta maswali, na maswali yangeweza kuifikia fomu, na fomu ilikuwa safi.

Kazi ilipata kumi na saba. Dokta alisifia hojaji hasa.

Anisia alirudi kutoka Rwamgasa akafanya mtihani siku ya kumi na moja tangu amzike mama yake. Alipata thelathini na tano.

Kumi na tatu na thelathini na tano ni arobaini na nane. C.

Matokeo yalipobandikwa Gelasius alisoma mstari wake kwanza: jaribio kumi na mbili, kikundi kumi na saba, mtihani thelathini na tatu. Sitini na mbili. B+. Ndipo akashusha kidole hadi kwa Anisia, na kidole kikabaki palepale. Alama mbili. Mwalimu wa hesabu mzima, miaka ishirini na mitatu anafundisha, alimpigia mtu hesabu akasahau kuweka msiba ndani yake.

Na bado mlango ulikuwa haujafungwa. Anisia aliandika rufaa. Wiki iliyofuata, mapumziko ya saa nne, Gelasius akiwa amesimama nje ya ofisi ya walimu na kikombe cha chai, simu yake iliita. Dokta Magesa.

"Mwalimu, nina barua ya Anisia hapa. Anasema wazo na hojaji ni vyake, na Ushetu alikwenda. Mwenyekiti ni wewe. Ni kweli?"

Ni kweli, ndilo jibu lililokuwepo. Maneno mawili. Yalimfika hadi kwenye ulimi. Halafu akaiona ile fomu, na saini yake ya kwanza kabisa juu yake. Kama Anisia alishiriki, basi mwenyekiti alificha jina la mshiriki, na kama alificha, Dokta atafanya nini na zile kumi na saba? Akapiga hesabu ya pili, hii ya kwake mwenyewe, haraka, kikombe kikiwa mkononi. Kumi na mbili, jumlisha sifuri, jumlisha thelathini na tatu. Arobaini na tano. C. Yeye, Gelasius, C.

"Dokta," akasema, "fomu inajieleza yenyewe."

"Haya, Mwalimu. Nimekuelewa."

Chai ile hakuimaliza. Hapo tuseme bila kuficha: siku ya fomu alikosea kwa ugumu wa kichwa, na mtu wa kichwa kigumu husamehewa. Siku ya simu alikosea kwa woga. Alijua tofauti hiyo siku ileile, na ameijua kila siku tangu hapo. Yule asiyempa mwanawe alama moja alijipa kumi na saba za mwenzake.

Rufaa ilikataliwa, na mwaka ule walikutana mara moja tu. Anisia alikuja kituoni kurudisha vitabu vya maktaba, kavibeba kwenye kanga ya msiba. Alipomwona Gelasius alisimama, akainamisha kichwa kidogo kama kawaida yake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Mama Goodness." Akaongeza: "Mimi nilijua... nilikupigia hesabu, unajua. Thelathini na saba tu. Nilijua utapata."

Anisia aliweka mzigo wa vitabu chini. "Kumbe ulinipigia hesabu," akasema. "Na ulijua huko nilikuwa nalala wapi? Nilikuwa nalala jikoni kwa mama, kwa sababu chumbani kulikuwa na wageni. Madaftari nilisomea pale alipoangukia." Hakupandisha sauti. "Mimi sikuwa nataka hesabu, Mwalimu. Nilikuwa nangoja useme neno moja tu Dokta akikupigia."

Akamsalimia Bibi Serafina kupitia kwake, akaenda zake.

Gelasius alivaa joho mwaka uliofuata. Lusia alishona kitenge, kwaya ya parokia ikaimba, wapishi wakapika pilau. Katikati ya shangwe Bibi Serafina, kavalishwa shada la plastiki, akauliza kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri: "Yule ng'wana wa Segese mbona simwoni? Naye si alisoma na wewe?" Gelasius akasema ana udhuru. Baadaye, kwa shahada hiyohiyo, akapata ukufunzi wa chuo cha ualimu. Kazi ileile. Hakuwa hata ameiota, aliiomba kwa sababu ilitangazwa. Kila alipoandika jina lake kwenye orodha ya wakufunzi, aliikumbuka ile fomu. Mara tatu aliandika ujumbe kwa Anisia, mara tatu akaufuta. Aliahirisha. Leo, kesho, baada ya mitihani, baada ya Pasaka.

Kisha mwaka huu, Februari, katikati ya palizi, Bibi Serafina akafariki.

Watu walijaa. Na siku ya pili ya msiba Gelasius, akiwa ameketi kwenye mkeka na wanaume, aliinua macho akamwona Anisia amejitwisha ndoo ya maji, anaingia upande wa jikoni. Hakuna aliyemwita. Alisikia mwenyewe huko Segese, akapanda basi. Alikuja kumpa mkono, "Pole Mwalimu, mama ametangulia," basi, akarudi kwenye masufuria. Gelasius alijiambia: leo nitamwambia. Lakini msibani mfiwa si mtu wa kujipangia, huyu anakuja, yule anaaga, na yeye, tusimfiche, kila alipopata upenyo aliutazama ukapita. Siku ya nne, matanga yalipoanuliwa, alikwenda jikoni kwa miguu yake. Akaambiwa Mwalimu wa Segese ameondoka na basi la saa mbili.

Akatoka akaelekea shambani kwa mama yake, angalau akaangalie magugu. Shamba lilikuwa jeusi, safi, limepaliliwa lote. Pembeni, juu ya kichuguu, amekaa Mama Wilbard, katibu wa kikundi cha kulimiana, anakung'uta udongo miguuni. Daftari la mahudhurio liko mapajani.

"Mwangaluka, Mama Wilbard. Kumbe mmelima."

"Mwangaluka, baba. Tulimaliza leo asubuhi. Serafina alikuwa mwenzetu miaka arobaini, tungeacha mihogo yake imezwe?"

Gelasius alinyoosha mkono akaomba daftari, kwa mazoea tu. Mtu wa alama akiona orodha lazima aikague. Akapitisha kidole. Majina kumi na tisa, kila jina na ngwe yake. La mwisho, kwa mwandiko wa Mama Wilbard, herufi kubwa za kuyumba: GELASIUS. Mbele yake, tiki.

"Mama Wilbard, mimi nilikuwa kwenye mkeka. Mimi kikundi niliacha kuja siku nyingi, tangu nilipoanza kusoma. Hii ngwe nani kalima?"

"Yule mwalimu wa Segese. Aliazima jembe jana na leo alfajiri. Nikamwuliza, nikuandike Anisia? Akasema hapana, mimi napita tu. Mwandike Gelasius, amefiwa na mama yake."

Gelasius alisimama pale. Machozi ambayo hayakutoka kaburini yalitoka sasa, mbele ya mwanamke na daftari lake, na hakujali.

"Futa," akasema. "Nakuomba, futa. Mimi sikulima. Hata jembe sikushika."

Mama Wilbard alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Akachukua daftari lake taratibu, akalifunga, akalitia kwapani.

"Mfiwa hafutwi, baba," akasema. "Na wewe umekulia hapahapa."